Tangazo kwenye Kioo cha Jirani

Mwaka ule wa kwanza wa korona nilipewa kazi ya kulinganisha watu. Chuo kikuu nilichokuwa nikifundisha vipindi vya hapa na pale kilitaka sura moja ya kitabu: hali ya maisha na uchumi ya wahamiaji wa Kambodia na wa Taiwan hapa Sydney. Kwa nini kazi hiyo apewe Mkenya, sikuuliza. Nilihisi tu kwamba wenye ujuzi walikuwa wameikataa, na mimi nilikuwa wa bei nafuu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na kwa hiyo ndiye aliyekuwa na kazi ya kweli nyumbani kwetu, aliniangalia huku akivua viatu vya hospitali nje ya mlango.

"Yaani wewe, majirani wa kulia huwajui, sasa utatueleza Wakambodia?"

"Ni utafiti, mama watoto."

"Ni umbea wenye marejeo," akasema, akaenda kuoga.

Sikuhitaji kwenda mbali kufanya umbea wangu. Karibu na stesheni yetu, upande huu wa Blacktown, palikuwa na maduka mawili yanayotumia ukuta mmoja. Ni stesheni ipi sitasema, kwa kuwa mwenye duka mmoja alinikataza. Mnaweza kukisia Rooty Hill, mnaweza kukisia Quakers Hill, na mimi nitanyamaza. Duka moja lilikuwa la mikate. Mwenyewe ni mama wa Kikambodia aliyekuwa akikaribia miaka sitini, mfupi, mwepesi wa mikono, na mumewe alikuwa nyuma kwenye oveni asubuhi yote bila kusema neno. Waliuza pai za nyama na mikate laini iliyojazwa nguruwe na kachumbari. Duka la pili liliuza chai baridi ya maziwa yenye vidonge vyeusi vya kutafuna. Lilikuwa la mwanamke wa Kitaiwani, rika langu, mwenye miwani ya gharama na Kiingereza kisicho na doa. Vidonge vile ni vya muhogo. Watoto wangu walilipia kwa furaha muhogo ambao nikiuchemsha nyumbani wanaukimbia.

Basi nikachora safu mbili kichwani. Mtaiwani alikuja na wazazi wake kwa ndege, baba akiwa na mtaji, wakati nchi hii ilipokuwa ikiwatafuta wafanyabiashara. Alisomea uhasibu. Aliishi kaskazini ya jiji, kwenye vilima na miti mingi, na kila asubuhi aliendesha gari kuja kwetu kuuza chai. Mkambodia alikuja akiwa msichana, kutoka kambi ya wakimbizi kwenye mpaka wa Thailand. Alishona nguo katika gereji ya mtu kwa miaka mingi kabla ya kupata duka, na sasa aliishi umbali wa kutembea kwa miguu pamoja na mume, binti, mkwe na wajukuu. Mmoja akipata shida na serikali alimpigia wakili simu na kumwita kwa jina la kwanza. Mwingine alimngoja mkwe arudi kutoka kazini awashe kompyuta. Safu zangu zilipendeza sana. Ningezipeleka chuoni siku ileile, kama korona isingeanza kutufundisha kutazamana.

Mnakumbuka. Mtu akikohoa kwenye treni, behewa zima liligeuka. Katika kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa magharibi ya Sydney, dada mmoja alituma sauti: "Wapendwa, tujiepushe na maduka ya Wachina kwa sasa, Mungu atuhurumie." Niliandika aya tatu za kupinga, zenye hoja na mifano. Nilijibiwa na mtu mmoja tu, kwa picha ya mikono inayoomba. Sikujua kama aliniombea mimi au aliwaombea Wachina.

Wiki hiyohiyo tangazo likatokea kwenye kioo cha duka la chai. Lilikuwa limechapwa vizuri na kufunikwa plastiki, na kibendera pembeni. Lilisema: Duka hili ni la Wataiwani. Sisi si Wachina. Hatujasafiri popote.

Wateja wa chai walirudi, si wote, lakini walirudi. Upande wa mikate palizidi kuwa peupe, na sikuelewa sababu hadi siku niliyosimama nje nikisubiri pai. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na mbwa alilisoma tangazo polepole, akaangalia duka la chai, akaangalia la mikate, kisha akamwambia mbwa wake, "Kumbe ni wale wengine." Akavuka barabara.

Yule mama alimsikia. Alikuwa akifagia kizingiti.

"Umeona?" akaniambia. "Huyu jirani anautaka ukuta. Anataka niondoke apanue."

Nilikwenda upande wa pili nikaagiza chai ya muhogo, nikauliza kwa upole kuhusu tangazo. "Niliandika ukweli," mwanamke wa chai akasema. "Kuna ubaya gani katika ukweli?" Akatabasamu ndani ya barakoa. Niliushuku mdomo ambao hata sikuuona.

Upande wa mikate hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Mume alikuwa ameanza kukanda nusu ya unga. Binti yao aliwataka wafunge hadi mambo yatulie, lakini mama aliniambia wazi kwamba duka hili likifungwa halifunguliwi tena. Wenye nyumba watapata mpangaji mpya, na wao wawili watakuwa wazee wa kukaa sebuleni, wakiangalia televisheni ya lugha isiyowahusu na kumuomba mkwe nauli. "Sikuvuka mpaka kwa hilo," akasema. Akaniwekea pai kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili kama anayeficha kitu.

Jioni nilimweleza rafiki yangu mpango wangu. Ni Mkongo wa mashariki, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wakati huo alikuwa akifanya kazi katika ghala kubwa huko Ingleburn. Nilimwambia nitamwandikia yule mama tangazo lake, tena kwa Kiingereza kizuri kuliko cha jirani.

Alicheka mpaka akashika uzio. "Profesa, weye hawajakusimamisha ku barrière hata siku moja."

"Hilo linahusianaje?"

"Mutu iko na bunduki anakuuliza, weye ni kabila gani? Ile si swali, kaka. Ile ni mutego. Unajibu hivi, unakufa. Unajibu vile, unakufa kesho. Ule mama minamuelewa. Hataandika kitu."

"Lakini hapa hakuna kizuizi. Ni watu tu hawana habari."

"Weye unasema vile sababu tangazo yako unaitembeza kila siku. Muzungu hajauliza hata jina, tayari: 'Mimi Mkenya, nilikuja kwa masomo, sikupitia kambi.' Mara ngapi nimesimama pembeni yako ukisema ile? Mimi wa kambi?"

Nilitaka kumjibu, lakini kila jibu lililokuja lilianza na neno "mimi". Nikamuuliza habari za ghala.

Kesho yake nilikwenda kwa mama wa mikate hata hivyo, maana msomi akishapata wazo hata ukweli haumzuii. Alinihoji kana kwamba mtafiti alikuwa yeye.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Chuo chako?"

"Chuo hakijui."

"Huyu wa chai?"

"Hapana, mama."

"Sasa wewe unapata nini?"

Nilifikiri sana. "Pai," nikasema. "Ukifunga, sitapata pai."

Jibu hilo alilikubali, nadhani kwa sababu lilikuwa na tamaa ndani yake. Akauliza tangazo litasema nini. Nikamwambia: kwamba ninyi ni Wakambodia, si Wachina.

Huko nyuma mumewe aliacha kugonga trei. Mama akatazama mlangoni, akaja upande wangu wa kaunta na kusimama umbali ambao mwaka ule ulikuwa umekatazwa.

"Babu yangu alizaliwa China," akasema. "Bibi yake huyu pia." Alimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Kule kwetu ilifika wakati ukijulikana una Uchina, ni taabu. Mama yangu alitukataza hata kuhesabu kwa lugha ya babu. Nikisikia mtoto mwingine anaisema, nilijifanya siisikii. Sasa unataka niandike kwenye kioo? Nikiandika si Mchina, nimemkana babu yangu. Nikiandika ni Mchina, nafunga kesho. Niambie, wewe umesoma. Niandike nini?"

Safu zangu mbili hazikuwa na mahali pa kumweka babu huyo. Yule mzee na mbwa wake walikuwa wamekosea, lakini kwa namna ya kijinga kabisa walikuwa pia wamepatia, na kwa sababu hiyo ningeandika uongo na yeye angeishi ndani yake kila akifungua mlango.

"Hili usiliandike," akasema, akarudi upande wake. Miaka miwili baadaye alibadilisha kauli: niandike nikitaka, mradi mtu asijue ni duka lipi. Hata siku hiyo aliuliza kwanza ni nani atakayesoma. Nilipomwambia itakuwa kwa Kiswahili, alitulia kidogo. Aliuliza kama polisi wanakijua.

Lililoliokoa duka halikuandikwa mahali popote. Kantini ya ghala la Ingleburn ilifungwa kwa ajili ya korona, na watu wa zamu wakawa wanakula biskuti. Rafiki yangu Mkongo, aliyekuwa akinunua mkate pale kila alfajiri kabla ya kushika barabara, alimuuliza mama kama anaweza kumjazia boksi. Mama akakubali kwa sharti moja: siku ya kwanza mumewe aende naye, aone mikate inakokwenda. Basi yule mzee asiyesema alipanda gari la Mkongo, boksi mapajani, barakoa mbili usoni, mpaka Ingleburn. Aliwaona Wasamoa, Wairaki na Wakongo wakila mikate yake wakiwa wamesimama kwenye maegesho, wala hakuna aliyemuuliza kitu. Alirudi kwa treni. Rafiki yangu anasema neno pekee alilolisema njia nzima lilikuwa "taa", na hata hilo ni kwa sababu taa ilikuwa nyekundu.

Maboksi yakaongezeka. Mbele ya duka bado palikuwa peupe, na mpita njia angeapa kwamba linakufa, lakini buti la gari la Mkongo lilinuka nguruwe wa kuchoma hata Jumapili akitupeleka kanisani. Nilimshuku kwamba anakata chake.

"Nakula pai moja," alisema. "Ile ni transport."

"Moja tu?"

"Profesa, unaniandika mimi pia?"

Mwaka uliofuata wakatufungia upya, na safari hii si wote sawa. Magharibi yetu ilibanwa kuliko kwingine, helikopta ikazunguka juu ya mapaa, wanajeshi wakagonga milango kuuliza kama tumo ndani. Kaskazini, nilisikia, watu walitembea ufukweni. Mwanamke wa chai aliacha kuja. Nilimpigia simu kwa ajili ya ile sura, na kwa adabu ileile aliniambia ameshazungumza na mhasibu wake: anarudisha duka kwa mwenye nyumba, atafungua jingine karibu na kwake. Hapo ndipo nilipomuuliza tena kuhusu tangazo. Alinieleza kwamba utotoni shuleni hapa Sydney walimwita kila jina, na baba yake alimfundisha kusema mapema yeye ni nani, kabla wengine hawajamwamulia. Kisha akaongeza kwamba kabla ya kulibandika aligonga mlango wa jirani, akajitolea kuwachapia na wao. "Walinitazama kama polisi," akasema.

Mama wa mikate anasema hakuna aliyewahi kugonga. Mmoja wao ananidanganya, au wote wawili wanakumbuka wanachokihitaji. Ile sura niliipeleka chuoni ikiwa na safu zake mbili zilizonyooka, na kila takwimu niliyoombwa. Babu hayumo. Mhariri aliisifu kwa uwazi wake.

Siku ya kuhamisha vitu, mwanamke wa chai alikuja na kibali chake cha kuingia eneo letu na lori dogo. Friza lake kubwa halikuenea kwenye lori. Alisimama mlangoni mwa duka la mikate, nje, na kumwambia mama alichukue.

"Bei gani?"

"Bure."

"Kwa nini bure?"

"Halienei."

Mama aliliangalia lile friza, akamwangalia mwenyewe, akaniangalia mimi nisiyehusika. Hakusema asante wala hapana. Mumewe na dereva wa lori walilisukuma hadi uani. Mwanamke wa chai aliaga kwa kuinamisha kichwa, mama akainamisha chake, kila mmoja kidogo kuliko mwenzake, gari likaondoka.

"Nusa," mama akaniambia, akafungua mlango wa friza.

Nilinusa. Nikasema linanuka maziwa na sabuni. Aliingiza kichwa akanusa mwenyewe, maana neno la msomi si ushahidi. Akamwamuru mumewe alichomeke kwenye soketi ya uani, mbali na oveni, ili likiungua liungue peke yake. Alichagua trei moja ya unga, ile iliyoumuka vibaya, akaiweka katikati ya friza tupu na kufunga.

Asubuhi nilipokwenda kuchukua pai, unga ulikuwa umeganda kama jiwe. Aliugonga kwa kucha, akaugonga tena. Bila kuniangalia, akaingiza trei ya pili.