Bunduki Nilizosema Niko Nazo

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana hapa Nakuru najulikana kuanzia stendi mpaka sokoni. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane. Shule niliachia darasa la sita, lakini lori nimeendesha mpaka Kongo na kurudi bila spea, na simba nilishawahi kumpigia honi akanipisha. Sasa kuna kitu imenikalia kifuani tangu ile Januari ya 2008, na mwezi ujao itabidi niiseme ama niimeze milele.

Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba. Huyo mzungu akirudi kwao alimwachia mkebe wa biskuti umejaa askari wadogo wa kuchezea, wa enzi za vita vya pili vya dunia, wamepakwa rangi ya kaki, na vibunduki vya chuma urefu wa kidole. Mimi nikaendelea kuongeza. Kwa mitumba, kwa duka la Mhindi mmoja mzee aliyekuwa anafunga biashara, popote. Kufikia 2007 nilikuwa na askari mia mbili na mizinga yao, ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda. Nilikuwa nikiwapanguza mmoja mmoja na kitambaa, mtu mzima na ndevu zangu. Sikuonyesha mtu. Niliona haya.

Pale kwa nyama choma, tulipokuwa tunakaa jioni na wanaume wa mtaa, nikasema kitu kingine kabisa. Nilisema baba alipigana Burma akarudi na bunduki, na ziko kwangu. Siku nikihamia hapo mtaani, watu waliona hilo sanduku likibebwa na wanaume wawili, kwa hivyo waliamini. Wakaanza kuniita Meja. Nikapenda.

Tulikaa ploti moja, nyumba za kupanga za geti moja, na Baba Joyce, fundi viatu, bibi yake na msichana wao mdogo. Vurugu za uchaguzi zilipofika kwetu, wengi walikimbilia kanisani. Baba Joyce akanipata nje na wanaume wengine, akaniuliza, "Meja, twende ama tukae? Mama Joyce ameshafunga nguo."

Mmoja akacheka. "Uende wapi, fundi, na unalala ukuta mmoja na jeshi?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Kaa. Mtu akikanyaga hii geti nitamlaza." Na bibi yangu na watoto nilikuwa nimeshawatoa alfajiri, nikidai wanaenda matanga kwa shangazi.

Akarudi ndani, wakafungua mizigo ya nguo.

Wavamizi walikuja mchana, saa nane. Baba Joyce alificha bibi na mtoto nyuma ya choo, akaja kwangu akagonga mlango. "Meja, toa hiyo kitu, wamefika." Nilifungua kufuli ya sanduku. Sijui nilitarajia kupata nini. Nikakaa kitandani na kabunduki kamoja kwa kiganja, nikimsikia. "Meja. Meja, harakisha." Hakunitukana hata mara moja. Mimi nikatokea dirisha la nyuma nikaruka ua.

Walimuua pale mlangoni kwangu, na kisu chake cha kukata ngozi mkononi.

Nikirudi, sanduku lilikuwa limepinduliwa, kifuniko kimeng'olewa, askari wamekanyagwa sakafuni. Niliwafagia kabla mtu hajaona. Mama Joyce akaona sanduku tupu, akaamua mwenyewe kwamba bunduki ziliibiwa, na kwamba mimi nilikataa kupiga kwa sababu namwogopa Mungu. Miaka yote hii ananishuhudia kanisani, "Huyu baba angeweza kuua, akakataa." Watu wanapiga makofi. Mimi napenda sifa, mnijue hivyo, lakini hiyo huwa inanishinda kukaa nayo kwa benchi.

Sasa Joyce anaolewa. Alikuja kwangu akapiga magoti, akasema, "Anko, siku hiyo nataka ukae kwa kiti cha baba. Wewe ndiye ulikuwa naye mwisho." Nikakubali kabla sijafikiria, vile nimezoea.

Bibi yangu anasema ninyamaze, wafu hawaulizi. Lakini Joyce anauliza. Ameniomba nisimame niambie wageni vile baba yake alikufa, kwa sababu yeye alikuwa mdogo hakuona. Nikisema ukweli nitamharibia harusi, na mama yake ajue bwana yake alikufa akingojea kitu ambayo haikuwako. Nikidanganya, nitakuwa nimemfungia huyo mtu mlango mara ya pili.

Nyinyi mliosoma kunishinda, nipeni shauri. Wakinipatia maiki, niseme nini?