Kompyuta ya Mama Mdogo Ilivyopata Kazi

Mwenzangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nilimpigia simu wodini siku ya pili. Tuna programu ya simu ambayo makarani wa vituo vya maziwa huitumia kuandika lita za kila mfugaji. Ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe nilikuwa nimeshalirekebisha. Kilichobaki kilikuwa kuijenga upya, yaani kuugeuza msimbo tulioandika uwe kitu kinachoweza kuwekwa kwenye simu za makarani. Kompyuta iliyoweza kufanya hivyo ilikuwa moja tu, laptopu yake, nayo ilimtii yeye peke yake. Mama yake akamletea uji, mume wake akamletea laptopu. Aliijenga akiwa amelala ubavu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Kwa hiyo aliponiambia ana mimba ya pili, na kwamba safari hii anakwenda kujifungulia kwao Makete, nilijua imenipasa kufanya nini na muda nilionao. Kwao mtandao haufiki nyumbani. Unapatikana juu ya kilima, ng'ambo ya shamba lao la viazi.

"Mama amesema sipandi kilima mpaka mtoto aanze kucheka," aliniambia.

"Na mimi sitakuomba upande."

"Mara ya kwanza pia ulisema hivyo."

"Mara ya kwanza sikusema kitu."

"Ndiyo. Hukusema kitu, ukapiga simu."

Ofisi yetu ni chumba kimoja Njombe mjini, na sisi ni wawili. Tulichohitaji ni kompyuta ya ziada ambayo ingekaa pembeni bila mtu. Kila mmoja wetu akituma msimbo kwenye hifadhi yetu mtandaoni, yenyewe iuchukue, iujenge, iufanyie majaribio yote, kisha iseme umefaulu au umefeli. Ukifaulu, iwapelekee makarani. Wenye ofisi kubwa hukodi mashine za namna hiyo kwenye mtandao. Mimi nilimkumbuka mama mdogo.

Mama mdogo ana steshenari Makambako. Alikuwa ameshanunua kompyuta mpya, na ile ya zamani ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipomweleza shida yangu aliivuta mwenyewe, akaipangusa.

"Mwanangu, hii imeandika barua za nusu ya watu wa Mahongole," alisema. "Za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kuomba msamaha. Haijawahi kuniangusha. Usiende kuiweka ikae bure."

Nilirudi nayo Njombe nimeipakata. Nilifuta barua za watu, nikaacha mfumo wake kama ulivyokuwa kwa sababu ulikuwa mzima, na kuupakua mwingine kwa mtandao wetu kungechukua siku nzima. Nikaiweka juu ya kabati, mbali na beseni la maji.

Kisha nilikaa kando ya mwenzangu na daftari. Nina tabia ya kuandika ninachokiona badala ya ninachoambiwa, na kwa kazi hii tabia hiyo ilinifaa. Alikuwa ameshaniandikia hatua za kujenga, tisa, kwa mwandiko mzuri. Nilipomtazama akijenga nilihesabu kumi na sita.

"Kwa nini umefuta hilo folda?"

"Folda gani?"

"Ulilofuta sasa hivi."

"Sijafuta kitu."

Nikamwomba arudie. Alifuta tena, mkono ukaenda wenyewe, na safari hii akauona. Akacheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa akilifuta folda hilo kila siku tangu tuanze kazi. Folda la zamani likibaki, programu hujengeka lakini inakataa kufunguka kwenye simu.

Siku nne zilitutosha kuzihamisha hatua zote kumi na sita kwenye mashine. Siku ya tano tulituma msimbo wa kwanza, na mashine ikakataa. Kabla ya kuchukua msimbo, ilipaswa kupewa na seva kibali kinachodumu dakika chache. Kibali kilifika, ikakisoma, ikaandika kwamba hakijaanza kutumika. Tukaomba kingine. Jibu likawa lile lile.

Tulihangaika nalo siku tatu. Tulibadili nywila, tukabadili laini ya mtandao. Mimi nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikachora safu mbili: saa ambayo seva ilitoa kibali, na saa ambayo mashine ilikikataa. Seva huandika saa za Kizungu, nami nikawa nazigeuza kichwani kabla ya kuandika. Za mashine nilizinakili kama zilivyo. Safu zililingana kila mstari. Saa mbili na robo, saa mbili na robo. Saa tatu kasoro robo, saa tatu kasoro robo. Nilimwonyesha kama ushahidi kwamba saa hazina tatizo, na niliringa kidogo kwa usafi wa jedwali lile.

Yeye zilikuwa zimembakia siku sita kabla ya kuondoka, na hakuwa na hamu ya jedwali. Alisukuma daftari pembeni akafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, akazisoma.

"Kaka, leo ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili. Tumefika pamoja."

"Mashine inasema tumejaribu mara ya mwisho saa kumi na moja alfajiri. Mimi saa kumi na moja nilikuwa nakoroma."

Nikatazama pembe ya kioo. Iliandikwa tano kamili. Nje jua lilikuwa limeshapanda, kweli ilikuwa saa tano ya asubuhi, na wiki nzima nilikuwa nikiitazama saa ile na kuiona sahihi. Kwa saa za Kizungu ilipaswa kuonyesha 11:00, kwa hiyo ilikuwa nyuma kwa saa sita. Kwa mashine ile, kila kibali kilichotoka kwenye seva kilikuwa cha mchana ambao haujafika.

Nikampigia mama mdogo.

"Niliirekebisha mwenyewe," alisema. "Nafungua duka saa mbili, yenyewe inaniambia saa nane. Wateja wakiitazama wanachanganyikiwa. Nikaizuia isijibadilishe, nikaiweka saa za watu. Kwani imeharibika tena?"

"Haijaharibika, mama. Iko vizuri."

"Nilikwambia."

Mwenzangu alikuwa amesikia yote. Alirudisha saa, akatuma msimbo upya, akaenda kuchemsha chai. Chai haijaiva, mashine ikawa imejenga, imepita majaribio yote, na simu yangu ya majaribio ikalia mezani. Nilishika simu ile kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea cheti. Siku zilizobaki tuliijaribu kwa makusudi. Tuliipa msimbo mbovu, ikaukataa na kutaja mstari wenye kosa. Tulizima umeme, ulipowashwa ikaamka yenyewe ikaendelea. Akaondoka kwenda Makete akiwa ameiacha laptopu kwenye droo ya ofisi. Ufunguo alinipa mimi.

Wiki ya pili baada ya kujifungua kwake, karani wa kituo cha Mawengi, kule Ludewa, alipiga simu. Mfugaji akileta maziwa mara mbili kwa siku, ya jioni yalikuwa yanafuta ya asubuhi. Zamani kosa la namna hiyo lingekwenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Nilirekebisha, mashine ikakataa. Nikarekebisha tena, ikakataa, kwa sababu nilikuwa nimeharibu hesabu ya mwezi bila kujua. Mara ya tatu nilikwenda kunywa maji kwanza, bado ikakataa. Mara ya nne ikapita, na kabla ya maziwa ya jioni makarani wote walikuwa na programu mpya. Nikamjulisha mama mdogo kwamba kompyuta yake imefanya kazi Ludewa. Akaniuliza ni nani aliyeipeleka huko.

Mwenzangu alirudi kazini na mtoto mgongoni. Kabla hajakaa alifungua kumbukumbu za mashine, akazisoma kuanzia siku aliyoondoka, akimpigapiga mtoto taratibu.

"Hapa ulifeli mara tatu mfululizo."

"Nilifeli."

"Na hukunipigia."

"Sikukupigia."

Akaitazama tarehe, akahesabu kwa vidole siku zilizokuwa zimepita tangu ajifungue.

"Siku hiyo nililala mchana kutwa," alisema. "Mama ndiye aliyekuwa akininyanyulia mtoto anyonye."

Akavuta kiti, akaomba ufunguo wa droo.