Mke Mwenza wa Chuma

Msimcheke Phulmati. Sisi wake wa wafanyakazi wa reli hapa mjini Jhansi tulimcheka mpaka mbavu zikauma, na mimi jirani yake wa ukuta mmoja ndiye niliyecheka kuliko wote. Lakini wivu ni wivu, hata ukimwonea chuma.

Mumewe, Baldev, alikuwa dereva wa treni ya mizigo. Enzi hizo za Waingereza kila dereva alikuwa na injini yake, haiguswi na mwingine. Yake aliiita Chhabili, yaani mrembo. Basi akirudi safari, badala ya kuja kula, anabaki karakanani anamsugua Chhabili shaba zake. Huku Phulmati anangoja na chapati zilizopoa.

"Baba Kishori, stesheni wanatafuta dereva wa kupanga mabehewa," akamwambia. "Utakuwa unalala nyumbani kila siku."

"Na Chhabili nimwachie nani?"

Eti nani!

Ikafika siku ya kuabudu zana za kazi. Madereva huosha injini zao, huzivisha maua na kuzipaka poda nyekundu. Baldev alisahau kununua poda. Akachukua ya mkewe kwenye kikopo, ile sinduri ambayo mume humpaka mkewe kwenye njia ya nywele ajulikane ni mke wa mtu. Akaimaliza yote.

Phulmati kukuta kikopo kitupu, akafura. Akashika njia mpaka karakanani, na mie nyuma yake, uhondo kama huo niukose? Akamkuta Chhabili kapakwa usoni, anang'aa kama bibi harusi.

"Hongera!" akapaza sauti mbele ya wanaume wote. "Umeoa, hata kunialika hukunialika! Haya, mwenye nyekundu ndiye mke. Mimi naenda kwetu na mwanangu. Kaa naye, akupikie!"

"Jamani, Mama Kishori, hii si injini tu?"

"Kama ni injini tu, iache!"

Baldev akamtazama mkewe, akaona hatanii. Kesho yake akaomba ile kazi ya stesheni, akapewa.

Wacha atupige vijembe sisi tuliomcheka! Phulmati alipita uani amejaa maringo, mume yuko barazani kila jioni, chapati za moto. Hata mie nilianza kumwonea kijicho.

Jioni moja nimekaa nao, treni ya mizigo ikapita nyuma ya nyumba, ikapiga honi. Baldev akaliacha tonge.

"Anamlazimisha Chhabili wangu," akasema. "Sikieni anavyohema. Huyo dereva hamjui hata kidogo." Akaanza kulia, mtu mzima, mbele yangu mimi jirani.

Phulmati akanigeukia.

"Nilipomzaa Kishori nikataka kufa, hakunililia hivi, shoga," akasema. "Zamani alikuwa naye huko karakanani. Sasa huyo mke mwenza nimemleta mwenyewe ndani."