Pima Gari Likiwa na Watu

Iko siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Juzi uliponionyesha kwenye simu picha za vifaa vya kuinua gari, ukaniuliza uchague vipi, nilikwambia nitafikiri kwanza. Kumbe nilikuwa naogopa. Wewe ukadhani ni uzee tu. Ngoja nikueleze, wewe na wenzako mnaonunua magari ya kubeba watu kwenye barabara zetu hizi.

Nilikuwa kijana, mwalimu mpya wa darasa la ubatizo. Binamu yangu Emodo alikuwa na Landrova, na ndiyo iliyobeba wagonjwa, mahindi, maharusi na maiti za nyumba nyingi upande wetu. Msimu mmoja ilikwama ndani ya maji ikiwa na jeneza. Watu wakakaa matangani wakisubiri, chakula kikapoa, na Emodo akasemwa sana. Aliapa haitatokea tena.

Akavuka mpaka hadi kwa fundi wa Busia ya Kenya. Siku hizo vifaa havikuja vimepangwa kwenye boksi kama hivi vyako. Fundi alikupa alichonacho.

"Unataka niinue kiasi gani?" fundi akamuuliza.

"Inua mpaka mbuzi apite chini bila kuinama."

Basi fundi akaweka springi ngumu za lori, na kati ya springi na ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, akapachika vipande vya chuma. Shokamzoba, zile za kutuliza gari lisiendelee kudunda na kuyumba, zikaachwa zile zile za zamani. Gari likarudi refu kama ghala, na akina mama wakalipigia vigelegele. Hata mimi nilishangilia, maana lilipendeza kwelikweli.

Kisha mjomba wangu akafariki huko Busia, na ilibidi tumpeleke nyumbani, kijijini Kwapa, akazikwe. Unajua sisi tulivyo. Marehemu wetu hasafiri peke yake. Akina mama hukaa pande zote mbili za jeneza wakilishika na kuimba, na vijana hupanda juu ya keria ya paani na ngoma. Hakuna anayekubali kubaki, asije akaambiwa kesho kwamba hakumsindikiza ndugu yake. Mama yangu alikaa kichwani pa jeneza, kwa kuwa marehemu alikuwa kaka yake wa kumfuata. Mimi nilisimama nyuma, nimeshika ubao wa mlango.

Kabla hatujaondoka, katekista wetu, Papa Okiror, alilizunguka gari polepole. Akalisukuma ubavuni kwa kiganja kimoja tu. Likayumba, likaendelea kuyumba kama mtu anayekataa jambo kwa kichwa.

"Emodo," akasema, "hii gari ulipima ikiwa na watu, ama ikiwa tupu?"

"Papa, hii gari sasa haiguswi na maji. Panda twende."

"Mimi siulizi maji. Nauliza watu."

"Kama unaogopa, Papa, kaa pale chini na marehemu. Yeye haogopi kitu!"

Watu wakacheka, hata wafiwa. Papa Okiror hakukasirika. Aliomba jambo moja tu, kwamba tukifika kwenye bonde la maji mbele ya Buteba, wote washuke wapite kwa miguu. Emodo akaitikia, "Sawa, Papa," kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha kuamua lake.

Tulipofika bondeni hakusimama. Mvua ilikuwa imemega tuta la barabara upande wa kushoto, na maji yamefunika pale palipomegwa. Landrova ikaingia. Maji hayakufika hata mlangoni, na walio juu wakapiga kelele za furaha. Ndipo gurudumu la kushoto lilipokosa ardhi.

Mwanangu, gari refu halianguki haraka. Laiti lingeanguka haraka, mtu asingepata nafasi ya kuona. Lililala polepole. Uzito wote ulikuwa juu, wale vijana na ngoma yao, na springi zile ngumu zilikataa kuukubali. Wimbo uliendelea kidogo, kisha ukakatika katikati ya neno. Ngoma ikadondoka majini. Nilitazama upande wa kulia nikaona gurudumu limeachana na ardhi, linazunguka hewani, linamwaga tope.

Jeneza likateleza. Likambana mama yangu kwenye ubao wa kushoto, likamkalia magotini, na nyuma yake yalikuwa maji tu. Alinitazama. Nilinyoosha mkono kulishika jeneza, na mkono ukafia njiani, kwa sababu nilijua kwamba nikisogea upande ule, uzito wangu ndio utakaotumaliza. Nimesali maisha yangu yote, lakini pale hata jina la Mungu lilinipotea. Nilibaki na woga mtupu, na ulikuwa na ladha ya chuma mdomoni.

Ndipo nikasikia sauti ya Papa Okiror kutoka kiti cha mbele, tulivu, kama anayesoma majina ya watoto wa kubatizwa.

"Mtu asiruke. Emodo, acha kukanyaga mafuta, zima gari. Walio juu, shukeni upande wa kulia, mmoja mmoja. Ukishuka usikimbie. Ning'inia hapo hapo."

Wakaanza kushuka. Kila mmoja aliposhuka, akining'inia kwenye ubavu ulioinuka, gari lilitoa mlio mzito na sisi tukashika pumzi. Kijana mmoja miguu ilimtetemeka hata ikagonga bati, na mlio huo ndio ninaousikia mpaka leo kila bati linapogongwa. Hatimaye gurudumu la kulia likarudi chini taratibu, likagusa udongo. Tukalivuta jeneza, tukamtoa mama. Goti lake halikupona sawasawa, lakini aliishi, akawalea wajukuu, akafa kitandani kwake. Namshukuru Mungu kwa kila siku aliyotuongezea.

Mjomba tukambeba mabegani hadi nyumbani. Kabla hatujamwinua, Papa Okiror alimwendea Emodo, aliyekuwa ameketi ukingoni.

"Ulichagua gari ya kupigiwa vigelegele," akamwambia. "Mimi nilitaka uchague ya kubeba mama zako."

Baada ya matanga alimpeleka Emodo na Landrova yake kwa fundi yule yule, na nyuma yao alipeleka kwaya nzima, na magunia ya mchanga kwa ajili ya uzito wa jeneza. Fundi alishika kiuno.

"Mzee, hawa ni wateja ama ni mkutano wa injili?"

"Hawa ndio mzigo," Papa akasema. "Wapande, kisha wewe pima."

Vile vipande vya chuma vilitolewa. Zikachaguliwa springi za uzito ule wa watu, na shokamzoba mpya zinazolingana nazo. Gari likabaki limeinuka kama upana wa kiganja tu. Tangu hapo lilikwama mara nyingi, nasi tulishuka tukasukuma tukiwa tumelowa, Emodo akitukanwa kwa utani, na kila mama alifika.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague kwa picha, wala kwa urefu. Gari kwenye picha zile ni tupu, na lako halitakuwa tupu hata siku moja. Mwambie fundi kwanza utabeba nani, nao watakaa wapi. Springi na shokamzoba zinunuliwe pamoja, za uzito huo. Inua kidogo, na ukishainua hakikisha mipira ya breki haijavutika na usukani haujapotoka. Kisha pakia watu wako, uzunguke nao uwanja wa kanisa taratibu, ulisukume ubavuni kwa kiganja. Likiyumba na kuendelea kuyumba, rudi gereji. Na penye maji washushe, hata wakikucheka.

Gari hilo najua litanibeba na mimi. Umri wangu umefika, na hilo halinitishi. Siku hiyo nitakuwa nimelala, sitaogopa lolote. Lakini mama yako atakuwa ameketi kichwani pangu, amelishika jeneza kwa mikono miwili.

Mungu aliyelirudisha gurudumu lile chini akulinde barabarani, akupe moyo wa kusimama kabla ya maji, na wote wanaopanda kwako wateremke kwa miguu yao wenyewe. Amina.