Alama Kwenye Kidole cha Kioko

Stima ikipotea hapa Mumbuni, mwenye bucha aliye chini ya nyumba yetu huvuta kamba ya jenereta yake huku akiilaani, mpaka inakubali kunguruma. Moshi wa petroli hupanda ngazi na kuingia jikoni kwangu bila kubisha. Wanangu hawaujali. Mimi huweka chini nilichoshika nikakaa, kwa sababu hunirudisha nikiwa na miaka tisa, nimebanwa kwenye benchi la kanisa mchana wa jua kali, nikitazama sinema ya mwisho wa dunia.

Kwetu ni ng'ambo ya Katangi, na jenereta ya kwanza kuiona maishani ililetwa na mwinjilisti mmoja mgeni, nyuma ya pikapu, pamoja na mashine ya kuonyeshea sinema. Ibada ya Jumapili ilipokwisha, wazee wa kanisa walitundika mablanketi madirishani ili kuwe na giza. Skrini ilikuwa shuka ya kiongozi wa kwaya, na hiyo shuka ilikuwa na maua ya samawati upande mmoja, kwa hivyo kila Mzungu aliyepita kushoto alikuwa na ua shavuni. Tulicheka sana mwanzoni. Ndani kulikuwa na jasho, harufu ya mafuta ya nywele na ule moshi wa petroli, na joto ambalo lingeivisha maharagwe.

Kicheko hakikudumu. Katika sinema hiyo mtu mmoja mwenye suti nzuri alikuwa ametawala dunia yote, na watumishi wake walizunguka wakiwatia watu alama mkononi. Mwenye alama aliuziwa mkate. Asiye nayo alifukuzwa dukani, baadaye akafungwa, na mwishowe akapelekwa kwenye uwanja uliokuwa na upanga mkubwa wa kushuka kutoka juu. Hawakutuonyesha shingo ya mtu. Walituonyesha kiatu cha mtoto kimebaki peke yake kwenye vumbi, na mimi hicho kiatu ndicho kilichonimaliza.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na mwinjilisti alisimama kando ya shuka na fimbo yake akitufasiria kwa Kikamba. Alitia chumvi, kama wafanyavyo wakalimani wengi hodari. "Msidhani watakuja na pembe," alituambia. "Watakuja wakitabasamu. Watasema ni ya bure. Watasema, leteni watoto kwanza."

Mzee mmoja aliuliza kama hata ugoro utahitaji alama, watu wakacheka kidogo. Mimi niligeuka kumtafuta mama. Alikuwa benchi la nyuma yangu, ndugu yangu Kioko amelala kifuani pake, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja mtungi ujae. Nikajiambia kwamba watu wazima wana njia yao ya kuponyoka na hawataki kutuambia sisi watoto. Usiku ule na mwingine mwingi nililala nimeficha mikono katikati ya mapaja.

Kioko alikuwa kitinda mimba wetu, miaka miwili na ushei, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko meno. Aliiga jogoo, akaiga kikohozi cha babu, na baada ya Jumapili ile akaiga jenereta, akizunguka uani na mashavu yametuna. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya na alikuja mwisho wa mwezi. Mama alipokwenda sokoni, Kioko alikuwa wangu. Nilimbeba mgongoni mpaka nikasahau mgongo wangu ukoje bila yeye.

Majuma machache baadaye tulitangaziwa kwamba watu wa chanjo ya surua wangekuja. Wangekaa pale pale kanisani, siku ya soko, na wangewadunga watoto wote wadogo. Asubuhi ile mama alikuwa amefunga kiondo chake cha pojo, tayari kwenda Katangi.

"Ndinda, chukua mtoto umpeleke akadungwe," aliniambia. "Ni ya bure. Na usichelewe, foleni itakuwa ndefu."

Nadhani mnaelewa neno "bure" lilinifanya nini. Lakini bado nilienda, nikamfunga Kioko mgongoni na leso, nikashika njia. Nilipofika mtoni nilikutana na watoto wa majirani wakirudi, wengine wakilia, wengine wakijivunia, na kila mmoja alikuwa amepakwa wino mweusi kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Ni dalili tu ya kumtambua aliyekwisha kudungwa, asidungwe mara mbili. Hata leo wanafanya hivyo. Mimi niliona mkono, nikaona alama, nikaona mwanamke wa koti jeupe kwa mbali pale mlangoni mwa kanisa, na alikuwa akitabasamu.

Nilitoka njiani nikashuka na mto. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka wote, na kingo zake zina mapango madogo ambayo watoto huchimba. Tulijificha humo mpaka jua likageuka. Kioko aliimba, akala mchanga, akaniuliza maswali, nami nikamziba mdomo kila niliposikia nyayo. Nilikuwa na hakika kwamba namwokoa. Nawaomba mliamini hilo, maana ndilo peke yake ninaloweza kusema kwa kujitetea.

Kisha nikakumbuka mama. Angerudi jioni, angetazama kidole, na kisingekuwa na kitu. Fimbo ya mama haikuwa ya kusimuliwa. Nilikuwa na kalamu ya shule mfukoni mwa sketi, nikauvunja mrija wake kwa meno, nikampaka Kioko wino kwenye ukucha, nikauzidisha na masizi niliyoyakwangua kwenye jiwe walipochomea viazi wachungaji wa mbuzi. Nilimweleza Mungu kwamba alama ile ilikuwa ya uongo na asiihesabu. Niliona nimefanya kazi safi, nimemdanganya mama na ibilisi kwa kalamu moja.

Mama alirudi, akakitazama kidole, akatupa kila mmoja andazi. Akamwogesha Kioko kwenye karai, akamlaza. Kesho yake asubuhi wanawake wawili wa chanjo walipita boma kwa boma kuwatafuta watoto waliosalia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala, nusu nikiomba wamwone na nusu nikiomba wapite. Mama aliuinua mkono wa Kioko akawaonyesha.

"Huyu amepata," mmoja akasema, akachora mstari wa chaki kwenye mlango wetu, wakaenda zao.

Surua ilikuja baada ya Krismasi. Iliingia maboma mawili tu katika upande wetu, na moja lilikuwa letu. Macho ya Kioko yalikuwa mekundu kama pilipili, ngozi ikawa ya kukwaruza, na homa ikampanda kichwani mpaka akaanza kuwaita watu tusiowajua. Mama alimbeba mpaka zahanati ya Katangi, na huko wakapelekwa hospitali mjini Machakos, wakakaa mpaka nikaanza kuogopa kuuliza. Mimi niliachwa kwa bibi. Kila jioni bibi alimlalamikia Mungu juu ya sindano ile iliyomsaliti mjukuu wake, nami niliitikia amina pamoja na wengine.

Alirudi amekonda, masikio yakimtoka usaha, lakini alirudi, na tulichinja jogoo. Siku kadhaa baadaye alikuwa ameketi uani, amenipa mgongo, akicheza na vizibo. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikachukua kifuniko cha sufuria nikakiangusha juu ya jiwe, kuku wote wakaruka, na yeye hakugeuka. Nilibaki nimesimama hapo na mikono yangu. Maneno yake yalimpotea polepole mwaka ule, moja baada ya jingine, jenereta ikiwa ya mwisho, kwa sababu hiyo alikuwa akiihisi mashavuni.

Tangu hapo mama alikuwa na kauli moja. Wakija watu wa chanjo, watu wakiuliza kisa cha Kioko, alisema, "Wangu alidungwa na bado alishikwa." Hakuisema kwa kelele. Lakini mwanamke aliyepoteza kitu husikilizwa, na kauli hiyo ilitembea kuliko yeye. Niliisikia kisimani, niliisikia kwenye matanga, niliisikia kwa mama mmoja wa Yatta niliyeketi naye hospitalini mjini nikiwa mtu mzima, na hakujua kwamba anayezungumza naye ndiye aliyepaka ule wino. Sijui ni watoto wangapi hawakupelekwa kwa sababu yake. Kuna nyakati nimejaribu kuwafikiria, na nyakati nyingi zaidi nimejaribu kutowafikiria.

Kioko alisomeshwa shule ya viziwi, akalala bweni, akafundishwa kuchomelea vyuma. Sasa anatengeneza mageti Katangi, na mageti yake ni mazuri, na kila nikimwona amekunja goti mbele ya cheche nasikia aibu ambayo hajawahi kunidai. Ananipenda bila hesabu. Nikifika nyumbani hunibebea mzigo, hunionyesha video za kutisha kwenye simu yake, mizimu na watu wenye mashoka, na hucheka mpaka anashika mbavu. Anaona ajabu kwamba mimi hugeuza uso.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yetu yalikuja hasa kama mjukuu, yakaitwa Mumbua, binti wa kwanza wa Kioko. Mwezi uliopita mkewe Nduku alinipigia simu, akizungumza chinichini.

"Dada, mtoto amefikisha miezi tisa, clinic wamesema ni wakati wa ile ya surua. Lakini mama amekataa. Anasema Kioko alidungwa na ikamfanyia nini. Niambie wewe, nifanye aje?"

Nilimwambia anisubiri. Nilipanda gari asubuhi iliyofuata, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, nikiyapangua.

Nilimkuta mama jikoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Kioko alikuwa nje na mtoto, Nduku ameenda kuteka maji. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote kama nilivyowaambia nyinyi, mto, kalamu, masizi, bila kujipunguzia. "Mwaitu," nilimalizia, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, "Kioko hakudungwa. Usimnyime mtoto kwa sababu ya uongo wangu."

Hakuacha kuchagua. Jiwe dogo akalitupa mlangoni, na jingine.

"Nilijua siku ile ile," akasema.

Nikadhani hajanielewa, nikaanza tena. Akanikata.

"Nilimwogesha, Ndinda. Mtoto amedungwa, mkono wake unalala moto. Unavimba kidogo hapa. Wa Kioko ulikuwa baridi, hauko na alama. Na wino wako, nusu ilibaki kwa kitambaa."

"Na wale wanawake walikuja kesho yake," nikasema. "Ulikuwa umesimama nao. Mbona hukuwaambia?"

Aliutikisa ungo, maharagwe yakajipanga upya. Uso wake ulikuwa ule ule wa kanisani, umetulia. Nimeuona uso huo miaka yote nikiuita amani.

"Kwani wewe ulifikiri ni watoto tu walioona ile sinema?" akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Nilisikia yule mtu akisema wataanza na watoto. Nilienda soko makusudi, nikakuachia wewe, ndiyo isiwe ni mimi nimempeleka. Ukarudi na hiyo wino yako, nikamshukuru Mungu."

Miaka yote niliamini kwamba nilikuwa mtoto mmoja mwoga kati ya watu wazima waliojua mambo. Kumbe kanisa zima liliogopa, kila mtu kimya kwenye benchi lake, na mama alikuwa akinitazama kisogo akitafuta kwangu ujasiri niliokuwa nikiutafuta kwake. Hata sasa sijui kauli yake ile ilikuwa ya kunificha mimi au kujificha yeye, na sijamuuliza. Mimi pia ningependa kujua nilikuwa nikimficha nani. Ninachojua ni kwamba tulikuwa wawili, na aliyelipa si mmoja wetu.

Mama alisukuma ungo kando akajipangusa macho na ncha ya leso. "Clinic ni kesho," akasema. "Nitambeba mimi."

Hapo ndipo Kioko alipoingia na Mumbua mkononi. Aliniona ninalia, akamwona mama, akainua nyusi na kuuliza kwa mkono wake ulio huru kuna nini.

"Mwambie," mama akaniambia. "Wewe ndiye ulisoma."

Nikainua mikono yangu. Katika miaka yote hiyo nimejifunza ishara za chakula, za mvua, za kazi, za kesho, basi. Nyingine sikuzitafuta, na nadhani nilijua kwa nini. Nikaanza na pole. Kioko akamhamishia mtoto begani, akasimama kungoja niendelee.