Krismasi Niliyoshindwa Kumsubiri Kaka

Nakumbuka siku moja ya Krismasi iliyoangukia Jumapili, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani nijizabe kofi. Usikate simu, nikuhadithie. Mie nazunguka kidogo nikisimulia, wewe unanijua, lakini nafika.

Ulinipigia juzi kutoka huko ughaibuni ukaniambia, "Bibi, Desemba nakuja, ila nitakaa siku mbili tu. Dada akichelewa kutoka Songea basi, tutaonana mwaka mwingine." Nikakujibu haya, mwanangu, njoo salama. Lakini tulipomaliza kuongea moyo uliniuma sana, maana najua wewe na dada yako hamsemeshani, na maneno hayo niliwahi kuyasema mie mwenyewe nikiwa na umri kama wako.

Nilikuwa nimeolewa Kinondoni wakati huo. Babu yako, namwita Baba Neema hadi leo ingawa ameshatangulia, alikuwa karani mkuu kwenye shirika moja la umma, na tulikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa. Miaka ile ya Ujamaa kuwa na gari lako lilikuwa jambo kubwa. Mie nilikaa mbele, kiwiko nje ya dirisha, kitambaa kichwani, najisikia, sikufichi. Watu wa mtaani walikuwa wakinisalimia na mimi naitikia kwa kichwa tu. Upuuzi mtupu.

Wazazi wangu walitoka Masasi wakahamia Gongo la Mboto, enzi hizo kukiwa mashamba ya mihogo na mikorosho, nyumba moja huku, nyingine kule. Baba alikuwa seremala. Walituzaa wawili tu tuliokua, mimi na kaka yangu Beda, mwalimu wa shule huko Tabora. Kaka Beda ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kuandika mchangani kwa kijiti. Nikikosea ananifinya sikio, nikipatia ananibeba mgongoni mpaka kisimani. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, naomba ulielewe hilo kabla sijaendelea.

Baba akafariki ghafla. Tukapeleka simu ya maandishi Tabora, Kaka akapanda treni siku hiyohiyo. Sasa mwanangu, treni ya siku zile unaijua kwa kusikia tu. Ilikuwa inasimama porini, watu wanashuka wanapika, wanakula, ndipo inaondoka. Joto lilikuwa kali, mwili hauwezi kukaa, na wazee wa kanisa wakaniuliza tufanyeje, maana Mama alikuwa haongei kwa majonzi. Baba Neema alikuwa ameazima lori la ofisini kwa ajili ya mazishi, nalo lilitakiwa kurudi jioni ile. Nikasema tuzike. Wazee wengine walisema tungojee mpaka kesho, barafu itatafutwa, lakini mie nikalishikia bango lile lori. Tukazika.

Kaka alifika kesho yake mchana. Alinikuta uani na begi lake mkononi, ameshapita makaburini, magoti yake yana udongo. Akaniambia taratibu, "Skola, ulishindwa kunisubiri siku moja?"

Hapo ningepiga magoti. Ningelia naye, yangeisha. Badala yake nikamjibu, "Kwani treni naiendesha mimi?"

Nilikuwa nimechoka, sijalala, nina uchungu. Sababu ninazo nyingi hata leo. Lakini jibu ndilo hilo nililompa mtu aliyekosa kumwona baba yake. Aliondoka kabla ya matanga kuanuliwa, na tangu siku hiyo ikawa kimya baina yetu. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine tena.

Mama hakulala. Mama yangu alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, hana makelele, lakini akishika jambo halimtoki. Alikuwa akimpa salamu kila mtu aendaye Tabora, mpaka Kaka akakubali kuja Krismasi shule zikifungwa. Mama akaja mwenyewe Kinondoni kuniambia. Alikataa hata chai. Akasema, "Beda anakuja. Nataka mle sahani moja mbele yangu. Wewe kazi yako ni moja tu, Skola. Safari hii umsubiri." Nikamwambia, "Nitamsubiri, Mama." Nilisema kutoka moyoni, mwanangu. Usiku wa mkesha sikusinzia, napanga maneno. Nilishayapanga yakakaa vizuri.

Sasa kulikuwa na sheria ambayo nyie mkisikia mnacheka. Mafuta yalikuwa shida, na serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Barabara ilikuwa inanyamaza kabisa, watoto wanacheza mpira katikati ya lami. Ukikamatwa, gari linalala polisi na wewe unaumbuka. Na Krismasi ile ilikuwa Jumapili.

Tulifika Gongo la Mboto baada ya misa ya kwanza. Baba Neema akamsalimia Mama, "Shikamoo, Mama," akaenda kukaa barazani. Mama alishapika. Mchele alikuwa ameuficha uvunguni muda mrefu, maana kupata mchele wakati ule ilikuwa kazi, na kuku alimfuga mwenyewe. Harufu ya wali wa nazi imejaa nyumba nzima. Lakini sufuria ameifunika, juu ya mfuniko ameweka sahani, akatangaza, "Wali haupakuliwi mpaka Beda aingie."

Treni ilikuwa ifike asubuhi. Tukasubiri. Watoto wa majirani wanapita na nguo zao mpya wanaomba Krismasi yao, tunawapa karanga. Neema, mama yako, alikuwa na miaka miwili, analia njaa, Mama akamchomea muhogo. Akapita mtu mmoja anatoka upande wa stesheni, akasema treni ilikwama Ruvu lakini wanasema imeshaondoka, iko njiani. Baba Neema akaanza kutazama saa yake. Anatazama saa, anatazama gari, anatazama barabara.

Gari lisingeweza kulala pale. Ungeamka ukute limekalia matofali, na tairi jipya hulipati Dar es Salaam nzima. Hilo Mama alilijua. Akamwambia mkwewe kwa upole, "Gari liende na mwenyewe, baba. Skola na mtoto wabaki, kesho kuna mabasi." Baba Neema akafurahi kabisa. Akaniambia, "Mama Neema, baki tu. Kesho nitakufuata mwenyewe."

Umeona, mwanangu? Mume kaniruhusu, mama kaniomba. Sikuwa na kizuizi hata kimoja.

Nikasema Neema hana nguo za kulalia.

Eti nguo za kulalia! Mtoto wa miaka miwili, na joto la Desemba, angelala na kanga ya bibi yake kama sote tulivyolala. Mama akarudi jikoni. Ukweli nautoa sasa: saa ilipokaribia saa nane nilishusha pumzi. Nilifurahi. Maneno niliyoyapanga usiku kucha yalikuwa yamenikimbia, nikaogopa uso wa kaka yangu, nikaogopa asije akaniuliza lile swali tena na mimi nisiwe na jibu. Sheria ya magari ikanijia kama mtu aliyekuja kunitoa kwenye mtihani. Nikambeba Neema, nikaingia garini, sijala hata punje ya ule wali. Mama hakutusindikiza. Alibaki jikoni.

Hatukwenda mbali. Tulipofika pale barabara inapokatana na reli tukakuta geti limeshushwa, mlinzi amesimama na bendera yake. Treni ikatokea upande wa Pugu, imejaa mpaka milangoni, watu wanaimba, wanawake wanatoa vichwa madirishani wanapiga vigelegele kwa kuwa wamefika salama. Ikatupita mbele ya macho yetu. Kaka hakuwemo tena, yeye ilimpasa ashukie Pugu. Kwa hiyo muda ule alikuwa tayari yuko njiani, anatembea kwa mguu kwenda kwa Mama.

Baba Neema akazima injini. Akanigeukia. "Tugeuze? Tukifika, mie nitakimbiza gari mjini peke yangu, na nikikamatwa nimekamatwa."

Nikamwambia, "Endesha, Baba Neema. Tutaumbuka bure."

Geti likainuliwa, tukaenda.

Jumatatu hakukuwa na marufuku. Baba Neema aliamka mapema, akafuta vioo vya gari, akaniambia twende. Mie nikapandisha mabega. "Jana nimeshinda kutwa namsubiri yeye. Sasa na yeye anitafute." Unasikia kiburi hicho? Hofu ikikaa usiku mmoja tu ndani ya mtu, asubuhi inaamka na jina jingine. Jumanne Kaka akapanda treni akarudi Tabora.

Nilikwenda kwa Mama baada ya mwaka mpya. Nikaanza kueleza habari za saa nane, za polisi, za faini. Akaniacha niseme yote. Halafu akasema, "Skola, usiisingizie serikali. Serikali ilizuia magari, haikuzuia watu kukaa na ndugu zao. Wewe ulikimbia." Kisha akanisimulia. Kaka aliingia mavumbi mwili mzima, hajaweka hata begi chini akauliza, "Skola yuko wapi?" Mama akamwambia ameondoka sasa hivi. Akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akasema, "Mara ya pili," basi. Wali aliula kidogo, kwa kumheshimu mama yake.

Nililia siku ile mpaka macho yakavimba. Nikaapa nitakwenda Tabora Pasaka. Pasaka ikafika, Neema akaugua surua. Nikasema shule zikifungwa. Zikafungwa, nikasema acha mvua zipungue, acha Baba Neema apate likizo. Sikuacha kumkumbuka hata siku moja, lakini kumkumbuka mtu si kumwendea, na mie nilijidanganya kuwa ni kitu kimoja.

Krismasi iliyofuata haikumkuta Kaka. Malaria ilimpanda kichwani, hakumaliza wiki.

Tulimlilia Gongo la Mboto. Wageni walipotawanyika, tukabaki mimi na Mama chumbani, kwenye mkeka, tumeegemea ukuta. Nikamwambia, "Mama, ningebaki siku ile." Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

"Alitaka kukufuata," akasema. "Ile Jumapili. Alinawa uso, akasema, Mama, nakwenda Kinondoni kwa mguu, nitafika usiku lakini nitafika. Akasema kwa kuwa wewe ni mdogo, yeye ndiye aanze. Akavaa viatu. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Nilikuwa na hasira na wewe, mwanangu. Nikamwambia, usimfuate, aje mwenyewe apige magoti. Akavua viatu."

Mama yangu alilia hapo kilio ambacho hakukilia kwa mumewe. Nikamkumbatia, naye akanikumbatia. Kumbe kaka yangu alikuwa ameshanisamehe. Alikuwa ameshavaa viatu vya kunijia, na kiburi chetu sie wanawake wawili waliompenda ndicho kilichomfungia njia. Mie ndiye niliyeanza, simlaumu Mama. Ningebaki, asingekuwa na hasira ya kumzuia mtu.

Nimezeeka na jambo hilo. Nimeshamwambia Mungu, padri nimeshamwambia, na leo nakwambia wewe.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Unaporudi nyumbani sikukuu, usiruhusu gari wala ndege ikupangie nani umwone na nani umkose. Mtu akitaka kukaa anakaa. Akitaka kukimbia, sababu hazikosekani, na nyingine ni za kweli kabisa, hizo ndizo mbaya zaidi. Kama unamwogopa dada yako, sema namwogopa. Hakuna aibu hapo, hata mie nilimwogopa mtu aliyenibeba mgongoni. Usipange maneno mengi usiku kucha, yatakukimbia. Neno linalotakiwa ni nisamehe, basi, na hata ukilisema vibaya litasikika. Na ukiona ndugu wawili wamenuniana, wewe uliye katikati usisimame mlangoni, hata kama hasira yako ni ya haki. Aliyevaa viatu mwache aende, hata iwe usiku, hata iwe mvua.

Dada yako akichelewa, kaa. Chakula kikipoa tutakipasha. Siku zikiisha, ongeza siku. Kazi itakusamehe, au itakupa barua, na maisha yataendelea. Mie nipo nitakaa nawe barazani, hata kama nitasinzia.

Mungu wa babu zako akulete salama, mwanangu, na dada yako amlete salama. Akupe miguu ya kubaki palipo na mtu unayemwogopa na unayempenda. Akupe umri wa kusikia sauti ya nduguyo akibisha hodi nawe uko ndani, na uwe wa kwanza kuinuka. Mie sikupewa hilo. Wewe upewe.