Picha Iliyopigwa Mara Mbili

Mwaka ule mume wangu alipougua, nilishindwa kukaa mahali pamoja. Nikianza kufua, naacha nguo kwenye beseni na kwenda mlangoni. Nikifika mlangoni, sijui nilifuata nini. Tulikuwa tunakaa Laini Saba, Kibera, chumba kimoja karibu na reli, na yeye alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi nje, chini ya gunia alilolitundika juu ya vijiti, kiatu amekibana kati ya magoti na misumari midogo ameishika kwa midomo. Alikuwa akiitoa mmoja mmoja, anagonga, huku anapiga hadithi na wapita njia. Watu walipenda kumtazama.

Kikohozi kilianza kama kikohozi chochote. Tulinunua dawa ya maji, tukanunua na vidonge vya malaria kwa sababu alikuwa akitokwa na jasho hadi shati linaloa. Miezi ikapita. Akakonda, mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa sindano yake ya kazi. Miaka ile ya tisini, ukikonda na kukohoa Kibera, hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Kila mtu alikuwa na jibu lake tayari. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Walisema tu, "Ana ile kitu."

Rafiki yake wa karibu alikuwa fundi saa, meza yao ilikuwa moja na chai yao moja. Siku moja nilipowapelekea chai, fundi saa alitoa kikombe chake mwenyewe mfukoni mwa koti, akakishika tu, akisubiri nimimine. Mume wangu alikitazama kile kikombe, kisha akaendelea kugonga kiatu ambacho tayari kilikuwa kimekwisha kugongwa. Siku hiyo hakula.

Nami nilikuwa na hofu yangu, sitaficha. Tulikuwa na mtoto ambaye bado ananyonya. Kila alipopiga chafya nilimgusa paji la uso, kisha najigusa mwenyewe.

Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kinubi aliyezaliwa papo hapo Kibera, ndiye aliyenivuta kando.

"Mwanangu, huyu mtu apigwe picha ya kifua."

"Anakataa, nyanya."

"Anaogopa mashine?"

"Anaogopa bahasha."

Alielewa mara moja. Picha ya eksirei ilikuwa inatiwa kwenye bahasha kubwa ya kahawia ambayo haikunjiki wala haifichiki. Ukipita nayo kwenye reli, kila kibanda kinajua ulikotoka.

"Basi nendeni Kawangware," akasema. "Kuna hospitali ya jamii, wana mashine. Huko nani anawajua?"

Tulienda kwa miguu, mtoto mgongoni kwangu, mume wangu mbele. Alitembea kama mtu anayefukuzwa, halafu ghafla anasimama, anashika uzio wa mtu na kukohoa ameinama. Dagoretti Corner alisimama kwa muda mrefu hadi nikadhani atageuka. Tulipofika, tukaambiwa stima imepotea, mashine haiwaki, turudi wiki ijayo.

Njiani akasema, "Unaona? Hata mashine hainitaki."

Nilimkaza mtoto mgongoni, nikaendelea kutembea. Ningefungua mdomo ningelia, na ningelia asingerudi tena kule.

Wiki ile sijui niliipitaje. Niliamka kabla ya wengine, nikafagia palipofagiwa. Nilikwenda Makina sokoni, nikarudi bila kitunguu nilichokiendea. Mume wangu alishona viatu vyote vilivyokuwa mbele yake, kisha akawa anakaa tu. Vipya havikuletwa.

Tuliporudi Kawangware stima ilikuwepo. Mpiga picha alikuwa mama mmoja mnene, mwenye haraka, amevaa aproni nzito inayofika magotini. Alimwita mume wangu ndani na kufunga mlango. Nikamsikia akisema, "Vua shati. Kidevu juu. Vuta pumzi, shikilia." Kukawa kimya, kisha mashine ikanguruma kidogo. Mume wangu akatoka anafunga vifungo, akakaa kwenye benchi.

Tulikuwa bado tunasubiri picha ikauke wakati mlango ulipofunguliwa kwa nguvu.

"Wewe! Rudi ndani."

Hakuna mwingine aliyekuwa ameitwa tena. Nilisimama, nikatembea hadi mwisho wa korido, nikarudi, nikaenda tena. Mzee mmoja aliyekuwa na mguu wa plasta akaniambia, "Mama, kaa chini kidogo, unatuzungusha vichwa." Nilikaa. Nikasimama.

Kupitia mlango nilisikia mpiga picha akigomba: "Nilikwambia utoe kila kitu! Una kitu mfukoni."

"Sina mfuko. Niko kifua wazi."

"Kwa fulana je?"

"Fulana nimevua, si hiyo hapo kwa kiti?"

"Mikono juu nikuone. Geuka. Hebu tikisa nywele." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini. "Simama hapa kwa ubavu. Tupige nyingine."

Mpiga picha alitoka safari hii bila kumtazama mtu, picha mbili mkononi zikidondosha maji, akaingia nazo moja kwa moja kwa daktari. Tukaitwa sote.

Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alikuwa amezitundika kwenye sanduku lenye taa. Sikuwahi kumwona mtu kwa ndani. Mbavu za mume wangu zilikuwa nyeupe na nyembamba, na moyo wake ulikuwa kivuli kikubwa kuliko nilivyofikiri. Upande wa kulia, chini kidogo, kulikuwa na msumari. Msumari kabisa, na kichwa chake, na ncha yake.

"Unafanya kazi gani?" daktari akauliza.

"Fundi viatu."

"Misumari unaiweka wapi ukifanya kazi?"

Mume wangu aligusa midomo yake. Kisha akasema polepole, "Ile siku nilicheka." Alikuwa amechekeshwa na mteja, akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Alidhani amemeza msumari. Alikula ugali tonge kubwa kubwa ili ushuke, akasahau.

"Haukushuka tumboni," daktari akasema. "Uliingia kwenye pafu, na hapo ulipokwama pameoza."

Nikauliza, "Ni hiyo tu?"

"Mama, msumari kwenye pafu si kitu cha kusema ni hiyo tu."

Lakini mimi nilikuwa tayari nacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto akaanza kulia pia.

Alipelekwa hospitali kubwa mjini, wakampitishia bomba mdomoni akiwa amelazwa usingizi, wakautoa. Jasho likakoma, kisha kikohozi. Siku aliyorudi Laini Saba alipita na ile bahasha juu ya reli, ameibeba kifuani kama cheti cha shule. Fundi saa aliinua picha kwenye jua. "Wacha! Ni msumari kweli!" Watu wakajaa. Wakapokezana picha, wakampiga mgongoni, wakacheka. Mume wangu alicheka kuliko wote.

Mimi sikuweza kukaa pale. Ng'ambo ya kijia chetu kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza mboga za sukuma wiki, naye alikuwa amekonda na kukohoa mwaka huohuo. Alisimama mlangoni, leso mabegani, anatazama ile furaha. Kisha akafunga mlango.

Siku iliyofuata alinikuta nikichota maji.

"Na kama wangekuta ile kitu nyingine," akaniuliza, "hawa wangekuja kuangalia?"

Nilijua jibu na yeye alilijua. Nikamwambia, "Twende. Nitakupeleka."

Tulipita njia ileile, yeye akiniegemea. Yule mpiga picha alinikumbuka, akaniuliza hali ya fundi, akacheka. Mama sukuma aliingia, akatoka. Niliuangalia mlango ule nikiomba ufunguliwe, aitwe tena, agombezwe, aambiwe ana kitu mwilini kinachoweza kutolewa. Haukufunguliwa. Daktari alisema ni kifua kikuu, pande zote mbili.

Alichomwa sindano kila asubuhi kwa muda mrefu, na vidonge juu yake vilivyomgeuza mkojo rangi ya chungwa. Nilimsindikiza hadi alipoweza kwenda peke yake. Hakuna aliyeomba kuona picha yake. Aliiweka chini ya godoro, na aliponionyesha mara moja, tulikuwa tumefunga mlango.

Alipona. Kufikia mvua za mwaka uliofuata alikuwa nje tena anakata sukuma kwa kisu chake, nyembamba kama nyuzi, haraka mpaka unaogopa vidole vyake. Wateja wengine walirudi. Wengine walivuka kijia na kununua kwa mwingine, na yeye aliwaamkia wote, kwa sauti, wakipita.